Nani Anamjua Mama Huyu?

Dorotea wa Gashoho hakuwa mtu wa kutembelea bustani. Bustani aliyoijua ni ile ya mboga nyuma ya nyumba, na mtoto akiingia humo hupewa jembe. Jumapili ile alikubali kwenda kwenye bustani ya mjini kwa sababu moja tu. Mwanawe Crispin, karani wa depo ya vinywaji mjini Gitega, Burundi, alikuwa amemwahidi kumtambulisha kwa tajiri wake. Mjane aliyemsomesha mtoto kwa maharage ya vilima vya kwao Muyinga ana haki ya kusikia maneno hayo yakisemwa mbele ya watu: huyu ndiye mama yangu. Hakutaka zawadi nyingine.

Baada ya misa walitoka Magarama, mtaa aliokaa Crispin, wakaenda bustanini kwa miguu. Langoni palikuwa na bango la kuwakaribisha wazazi na watoto wao. Ndani kulikuwa na bembea, mtelezo wa bati uliopakwa rangi, na meza zilizopangwa chini ya miavuli. Dorotea alishangaa kuona familia zimekatwa vipande viwili. Watoto walikuwa upande wa bembea, wazazi upande wa brosheti, yaani mishikaki, na bia, na katikati hapakuwa na mtu. Alimwuliza Crispin nani anawatazama wale wadogo. Crispin akamjibu kwamba mjini kila mtu ana wake, kisha akamwonyesha benchi.

"Kaa hapa kidogo, mama. Nikishawasalimia nitakuja kukuita."

Dorotea akakaa. Kandambili zake zilikuwa zimeshika udongo mwekundu, akazifuta kwa majani, akaweka kilemba sawa. Kule kwenye meza ya tajiri wake Crispin alikuwa akicheka kicheko ambacho mama yake hakuwahi kukisikia. Chupa zililetwa, nyama zikaja, chupa nyingine zikafuata. Hakuitwa.

Mbele yake mtoto wa kike, ambaye hata kutembea alikuwa bado anajifunza, alianguka chini ya bembea na kuanza kulia. Dorotea alingoja mwenyewe ajitokeze. Hakuna aliyegeuka. Sasa, Dorotea alikulia Mishamo, Tanzania, katika makazi ya Warundi waliokimbia, na kule mtoto anayelia hana mwenyewe. Mgongo ulio karibu ndio wake. Mama zao walilima mbali, na mtoto mmoja aliweza kupita migongo ya majirani kutwa nzima bila mtu kuomba wala kushukuru. Hakuona jambo la kufikiria. Alifungua kitenge, akamweka mtoto mgongoni, akamfunga vizuri, akaanza kutembea polepole kufuata kivuli cha ukuta, huku akimwimbia. Mtoto akanyamaza. Kivuli kile kilielekea langoni.

Mkono wa mtu ulikivuta kitenge kwa nyuma.

"We mama, unamupeleka wapi mutoto yangu?"

Dorotea alimweleza kwamba mtoto alikuwa analia.

"Kulia ndiyo umubebe, uende naye ku barabara?"

Watu walijaa kufumba na kufumbua. Mmoja alisema ndio hawa wanaoiba watoto, mwingine akataka lango lifungwe, na kijana aliyesimama mbele akatoa simu aanze kupiga picha. Anatoli, mlinzi wa lango, alimshika Dorotea mkono, akauliza kwa sauti nani anamjua mama huyu.

Dorotea hakuogopa. Alimtafuta Crispin kwa macho, akamwona amesimama nyuma ya tajiri wake Bashizi, mfanyabiashara kutoka Kivu, Kongo, chupa mkononi. Mwanamke aliyeshika kitenge alikuwa Joséphine, mke wa huyo Bashizi.

"Mimi ninamjua," Crispin alisema. "Ni mfanyakazi wa nyumbani kwangu. Ametoka kijijini juzi, amezoea kubebabeba watoto. Mumsamehe, madamu."

Mlinzi aliuachia mkono. Watu walipumua. Bashizi, aliyependa utani, alimpiga Crispin begani.

"Yaya gani huyu, Crispin? Iko muzee kupita mama yako!"

Watu wakacheka. Crispin naye akacheka.

Kuitwa mwizi kulikuwa kumempita Dorotea kama upepo, kwa maana anayekuita mwizi hakujui. Huyu alimjua. Tunawajengea watoto bembea na mitelezo, na hatuwafundishi kumtaja aliyewazaa.

Joséphine alikuwa amekwisha kupoa. Alisema yaya wake ameondoka, akaomba aazimwe huyu kwa Jumamosi, maana anajua kunyamazisha mtoto.

"Atakuja," Crispin alisema bila kumtazama mama yake.

Dorotea alifungua kitenge. Mtoto alikuwa amelala. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kama anayetoa kitu kwa heshima.

"Chukua mtoto wako, mama. Ni mtoto mzuri. Ila mfundishe jambo moja. Siku akiulizwa mama yake ni nani, aseme."

Joséphine alimtazama Dorotea, kisha Crispin. Paji la uso lilikuwa lilelile pana, na kope ya kushoto ilikuwa imelegea vilevile kwa wote wawili. Kijana wa picha alishusha simu. Njia ya kwenda kwenye mabasi ya Muyinga Dorotea aliijua, na angeweza kuondoka. Lakini kuondoka kungekuwa kumpunguzia Crispin mzigo. Alisimama palepale, akamngoja.

"Ni mama," Crispin alisema, macho kwenye chupa.

"Nani?" Bashizi aliuliza. Safari hii hakuwa akitania.

Ikambidi Crispin aseme tena, na mara hii wote walisikia. Bashizi alikwenda kuchukua kiti chake mwenyewe, akakileta, akamwomba Dorotea akae, akamwomba na radhi kwa utani wake. Dorotea alikaa. Akaletewa Fanta, hakuigusa. Neno alilolifuata kutoka Gashoho lilikuwa limesemwa mbele ya watu, tena mara mbili, na bado hakuweza kumtazama usoni aliyelisema.