Macho Makavu

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la Melania, katika shule iliyo nje kidogo ya Kahama, hakujali dasta. Alifuta ubao kwa kiganja, akajipangusa kwenye sketi, na ikifika saa nne sketi nzima imekuwa nyeupe. Sauti yake ilikuwa ya chini, darasa likalazimika kunyamaza ili limsikie. Melania alipenda kumtazama mwalimu huyo, hasa tangu yeye mwenyewe aliporudi kutoka kumzika baba yake, aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu. Kule msibani Melania hakutoa chozi, na shangazi zake wakasema waziwazi kwamba mtoto huyu ana macho makavu.

Siku hiyo neno "dry-eyed" lilitokea kwenye hadithi waliyokuwa wakisoma. "Asiye na haya!" mwanafunzi mwenzake Ndaki akatafsiri upesi. Darasa likacheka, wengine wakageuka kumwangalia Melania. Mwalimu hakucheka. Aliandika "dry", kavu, kisha "eye", jicho, akayaunganisha kwa kistari. "Waingereza waliunga maneno haya mawili, basi," alisema. "Wana maana ya mtu ambaye hajalia. Aibu haimo humu, Ndaki. Wala neno lenyewe halisemi kama mtu ana uchungu au hana. Mimi nilimzika mume wangu hivyohivyo."

"Sasa mwalimu, ulikuja kulia lini?" Melania akauliza.

"Bado, mwanangu," akamjibu, akawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Melania akaufungua, na kwa mara ya kwanza tangu msibani hakuinamisha uso.