Kitabu Kilisema Maziko, Mimi Nikapiga Pasaka

Naandika polepole, maana aibu bado ninayo. Padri wetu Mjerumani hapa Matombo alitaka mtu wa kupiga kinanda Jumapili ambazo yeye husafiri, mradi ajue kusoma noti. Nafasi hiyo niliitaka sana, lakini noti mimi naziona kama mbegu za mchicha zilizomwagika juu ya mistari. Basi nikaandika namba kwa mkaa kwenye vibao vya kinanda, moja hadi saba, na wimbo wa Pasaka tuliokuwa tukiuimba wiki nzima nikaukariri kwa namba.

Siku ya jaribio, mbele ya kwaya, Padri aliniwekea kitabu wazi. Nilikitazama kwa makini kama msomi, kisha nikapiga wimbo wa Pasaka bila kukosea.

“Umepiga vizuri, mwanangu,” alisema. “Ila nilikufungulia wimbo wa maziko.”

“Basi marehemu kafufuka,” alisema dada yangu Rozalia, na wanakwaya wote wakacheka.

Nilificha vidole vyangu vyeusi kwa mkaa, lakini Padri alikuwa keshaziona namba. Aliinama, akaniambia nimtajie namba za wimbo, akazifuata kwa kidole kimoja, wimbo ukatoka.

“Sogea,” akaniambia. “Jumapili nasafiri. Tuuandike kwa namba na huu wa maziko.”