Madigadi ya Upande wa Mama

Kwetu Mara mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anachepuka. Ni heshima, na kijijini haina tabu, kwa sababu kuna mahali pa kuchepukia. Nyumba yetu ya Anoka, huku Marekani, ina korido moja.

Mama alikuja Februari kunisaidia mtoto, maana likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha na maabara ya hospitali ilikuwa inanisubiri. Mume wangu anafanya kazi za kompyuta hapohapo nyumbani, kwenye chumba cha chini. Kwa hiyo kutwa nzima walikuwa wao wawili na mtoto, na kutwa nzima walikuwa wanakimbiana. Mume wangu akitaka kupanda jikoni kuchukua maji, anakohoa kwanza akiwa bado kwenye ngazi. Mama akisikia kikohozi anajitanda khanga, anaingia chumbani. Mgeni angedhani mwanaume yule ana kifua kikuu. Hata mtoto walipokezana bila kuonana: baba anamlaza kwenye kochi na kuondoka, ndipo bibi anatokea kumchukua. Nilikuwa nayaona hayo siku zangu za mapumziko na kucheka peke yangu.

Kufika Aprili sikucheka tena. Theluji ilikuwa bado inaanguka na mama alikuwa amenyamaza. Mwanamke ambaye kwetu sauti yake hufika sokoni kabla yake, sasa alikaa dirishani akitazama magari yakipita. Mwezi wa tano, huku anakunja nguo za mtoto, akaniambia, "Mwanangu, niangalizie tiketi. Mtoto ameshakua."

Mtoto alikuwa hata kukaa bado anayumba.

"Mama, tulisema Septemba."

"Wewe unarudi umechoka. Mtoto hajui kusema. Na mwenye nyumba siwezi hata kumtazama. Nizungumze na nani, friji?"

Nilimhitaji mama yangu, na zaidi ya kumhitaji nilikuwa nimefurahi mno kuwa naye, baada ya miaka yote ile ya kuonana kwenye simu. Roho iliniuma kwamba nimemvusha bahari akaishie chumbani. Nikamwambia avumilie kidogo. Avumilie mpaka nini, sikujua.

Wakati huohuo mume wangu akanunua upuuzi wake. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anauza ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene, ambayo watu wa huku huingia nayo porini kiangazi na kusukumia theluji kipupwe. Injini ilikuwa nzima. Lakini madigadi yake, yale mabawa ya plastiki nyekundu yanayofunika matairi, yalikuwa yamepauka mpaka yakawa rangi ya ufizi, na matawi yalikuwa yameyachora mikwaruzo kila upande. Mume wangu akaiegesha gereji, akaizunguka mikono kiunoni, akasema ataisugua mpaka ing'ae kuliko ilivyotoka dukani. Nilimwambia aanze na mlango wa kabati la jikoni, ulikuwa unaning'inia tangu Krismasi.

Mwanzoni mwa Juni, asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, nikamkuta amesimama gereji mdomo wazi. Upande wa kushoto ulikuwa unang'aa. Akagusa, vidole vikateleza. Mama alikuwa ameupaka mafuta ya mgando ya mtoto, kopo zima. Kwake yeye kitu kilichopauka dawa yake ni moja. Miguu yetu sote ilipakwa hivyohivyo kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kulalamika. Tatizo ni kwamba Juni miti ya kando ya mto hapa Anoka humwaga mbegu laini kama pamba zinazopeperuka kila mahali, na mlango wa gereji ulikuwa wazi. Kufika adhuhuri upande ule ulikuwa umeota manyoya kama kifaranga.

"Usimcheke," nikamwambia mume wangu.

"Nani anacheka? Mama kaingia gereji mwenyewe. Umeelewa? Mwenyewe, hajaitwa na mtu."

Akauosha upande ule kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kisha akaweka kigoda hapo kushoto, ndoo ya maji, na kipande cha msasa wa maji kilichokunjwa vizuri. Mtoto akamweka mlangoni kwenye kigari chake. Mwenyewe akahamia kulia, akainama nyuma ya mashine, akaanza kusugua. Hakuita, hakukohoa.

Mimi nilikuwa jikoni, mlango wa kwenda gereji nimeuacha wazi makusudi. Nikasikia kandambili za mama zikitoka chumbani, zikasita, zikaendelea. Kigoda kikalia. Baada ya muda nikasikia msasa wa pili.

"Mwanangu," ikaja sauti ya mume wangu, "mwambie bibi yako msasa auloweshe kwanza. Ukiwa mkavu unaongeza mikwaruzo."

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako nilianza kusugua masufuria yeye hajazaliwa."

"Mwambie bibi plastiki si sufuria."

"Mwambie baba yako mkono ni uleule."

Mtoto akajibu kwa mapovu ya mate. Nikajiziba mdomo kwa taulo la vyombo, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Ikawa ndiyo kazi yao. Mume wangu akipata nafasi mchana, wote watatu wako gereji, mashine katikati, mmoja kushoto na mwingine kulia, hawaonani hata nyusi. Kwanza msasa wenye meno wa kufuta mikwaruzo, kisha laini, kisha laini zaidi, wakimwagia maji na kufuta. Plastiki ikabaki nyeupe na kufifia, nikadhani wameiua kabisa. Hapo mume wangu akaleta kifaa cha kupuliza hewa ya moto, akakipitisha juu yake bila kusimama mahali pamoja isije ikayeyuka, na wekundu ukarudi mbele ya macho yetu.

Mama akapiga kigelegele gereji nzima. "Mwambie baba yako apitishe na huku! Upesi!"

Mtoto wetu aliambiwa mengi siku zile. Aliambiwa ugomvi wa kwaya ya kanisani kwa bibi yake, aliambiwa jinsi baba yake alivyofukuzwa jeshini kwa kukoroma kwenye lindo, uongo mtupu. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta mama ana vumbi jekundu kwenye kucha na ana habari za kunipa. Habari za tiketi zilipotea mdomoni mwake.

Lakini kazi ina kawaida ya kwisha. Wakamalizia kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, na ile ATV ikawa kioo. Mama akainama upande wake, akajiangalia, akarekebisha kilemba, akaingia ndani. Kesho yake kikohozi kilikuwa kwenye ngazi na khanga imepanda kichwani. Haikupita wiki akaniuliza, "Ile tiketi ulishaiangalia?"

Nilimweleza mume wangu. Akarudi kwenye kompyuta yake, nami nikanuna, kwa sababu nilitaka aseme kitu.

Jumamosi asubuhi nachambua mchele jikoni, nikamwona dirishani anaitoa ATV. Akaizungusha nyuma ya nyumba mpaka kwenye vichaka vya miiba kando ya uzio, vile ambavyo nimechoka kumwambia avikate. Akapita navyo ubavu kwa ubavu. Nikasikia miiba ikikwaruza plastiki, nikadhani usukani umemshinda. Akarudi nyuma, akashuka, akapapasa madigadi, akatikisa kichwa. Akapanda, akapita tena palepale, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayenyoa ndevu.

Nilifungua dirisha nimpigie kelele, kwa kazi yote ile ya watu. Kisha nikaelewa, nikalifunga. Mume wangu nampenda siku zote, lakini asubuhi ile nilimpenda pamoja na vichaka vyake.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu na mtoto begani. Alikuwa anatazama nilichokuwa natazama, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alimtazama mkwe wake mpaka akaingiza mashine gereji na kuzima injini. Kisha akaenda hadi mlango wa gereji, akasimama kizingitini, akamwambia mtoto kwa sauti iliyofika kote:

"Mwambie baba yako amekwaruza upande wake tu. Na wangu je?"