Motokari ya Kutosha Watu Wote

Wanawake wenzangu wa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Mimi waliniita Maman wa Duka, kwa sababu mume wangu alikuwa na duka na mimi sikuwa na mtoto. Jina hilo walilisema bila ubaya, na kila siku liliniuma. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, na vyumba vyake nilivifagia bure, maana hakuna aliyevichafua. Mume wangu alipeleka vitambaa na samaki wa chumvi Luhwindja, kwenye kambi za wachimba dhahabu, akidandia malori ya watu. Wiki nzima hayupo. Nilipika katika sufuria ndogo, nikala peke yangu, nikagombana na kuku.

Basi alipoamua kununua motokari yake mwenyewe, akaniambia, "Vaa vizuri, twende wote garaji, uchague na weye," nilimtazama kama mtu mwenye homa. Mwanaume wa enzi zile kumuuliza mke habari za motokari? Hata jembe hawakutuuliza! Nilivaa kikwembe changu cha misa, nikajifunga kitambaa kichwani, tukateremka mjini kwa Wazungu. Nilitembea kando yake, si nyuma yake, na nilipenda watu wanione.

Mzungu wa garaji alikuwa anauza motokari za wenzake waliokuwa wanarudi Ubelgiji. Alimwita mume wangu "weye" kama anaita boi, na mume wangu akamwita "musyu", yaani bwana, kwa upole, mimi nikiuma meno. Akatuonyesha mbili. Moja ilikuwa ndogo ya kijani, mgongo mviringo, safi kama sahani ya sikukuu. Ya pili ilikuwa ndefu, rangi ya maziwa, ile ambayo Wabelgiji wanaiita break: paa linakwenda moja kwa moja mpaka nyuma, na kule nyuma kuna mlango mzima unaofunguka kuelekea juu.

"Tuchukue ndogo," nilisema. "Tuko wawili, papa. Ile nyingine tutaijaza nini, upepo?"

"Tunatafuta motokari ya jamaa nzima," alinijibu.

Jamaa gani? Viti vile virefu vya nyuma vilinicheka, nawaambia kweli. Nilijiona nimekaa mbele siku ya Jumapili, nyuma yangu hakuna kitu, na majirani wanashikana mbavu. Nikamwambia kwamba ndefu inakunywa esanse kama mlevi. Yeye akaendelea kupapasa mlango.

Mzungu akauliza, "Weye iko na watoto ngapi?"

Nikatazama sakafu. Mume wangu akajibu, polepole, "Kwetu watoto hawahesabiwi, musyu."

Ni kweli, kwetu hawahesabiwi. Ukiwahesabu unakiita kifo kije kuchagua. Kila mama wa Bushi, nchi yetu, analijua hilo. Lakini mimi nilisikia jambo lingine kabisa: kwamba mume wangu amechukua desturi ya wazee akanifunika nayo mbele ya mgeni, aibu yangu isionekane. Zaidi ya hapo, kwamba bado ananitumainia. Nusura nilie pale pale, katikati ya harufu ya mafuta.

Tangu hapo niliitetea ile ndefu kuliko yeye. Nilikilaza kiti cha nyuma, kikalala sawasawa, gunia la maharagwe lingeingia kwa urefu. Nilipima kizingiti kwa goti langu, nikifikiria mama mkwe na miguu yake mibovu. Nilimuuliza Mzungu tairi la akiba linakaa wapi, akanionyesha chini ya sakafu. "Mlango wa nyuma haujifungui njiani, mtoto akiuegemea?" nikauliza. Mtoto! Neno lilinitoka bila kuomba ruhusa. Mume wangu akageuka upande wa ukuta.

Tukainunua. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alisema anataka nione njia anayopita kila wiki. Tukapanda milima, mvua ikatukuta, matope yakaruka mpaka kwenye vioo. Niliimba. Nilikuwa na furaha, niseme tu.

Tulipofika Luhwindja, alisimamisha motokari mbele ya nyumba ya paa la nyasi, kuta zimepakwa udongo vizuri. Watoto wakatoka mbio. "Papa! Papa!" Nyuma yao akatoka mwanamke amevaa kitambaa ambacho nilikikunja mwenyewe dukani. Kumbe garajini alikuwa hajafunika aibu yangu. Alifunika yake.

Mume wangu alizungumza na usukani, si na mimi. "Yeye hawezi kuja Bukavu. Sheria ya Wazungu haikubali bibi wa pili mjini, na padri utamwambia nini? Lakini watoto lazima wasome. Weye ndiyo maman yao sasa."

"Sasa!" nikasema. "Umenileta nikuchagulie gari la kuwabebea!" Nilitaka kumpiga kiatu cha uso. Sikumpiga. Mwanamke yule alikuwa tayari nyuma ya motokari na vifurushi vya watoto, amewaogesha, amewapaka mafuta, na mlango umemshinda. Nilishuka. Nikamwonyesha mahali pa kushika. Tukaufunga wote wawili, mikono yetu karibu karibu, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akabaki pale. Nilimchukia, na nilimwonea huruma, kwa pamoja.

Kurudi, motokari ilijaa. Kwenye kona za mlimani kasichana kadogo, ka mwisho, kalianza kutapika. Nikakavuta mbele, nikakapakata, nikakafuta mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa. Kalikuwa na joto, kazito kuliko nilivyodhani. Kakafumba macho, kakalia, "Mama. Mama."

"Niko hapa," nikaitika. Miaka yote ile nilikuwa nikingoja kuitika.

Kakafumbua macho, kakanitazama vizuri, bila hasira.

"Haiko weye mama yangu," kakasema.