Mgeni wa Kwenye Simu ya Vero

Vijana mtakaosoma hapa, kama mmeniamkia, marahaba. Sasa tulieni. Mimi niliishia darasa la nne, sina maneno ya kupamba, na umri huu si wa kukaa natunga uongo. Haya niliyaona kwa macho yangu pale Mikumi, kando ya barabara kuu, jua limezama lakini giza bado halijashika. Asiyetaka kuamini asiamini, ila asome mpaka mwisho.

Mdogo wangu Veronika alikuwa na kibanda cha chai na chapati pale malori yanapolala. Mtoto alijaliwa mmoja tu, Deo. Deo alipanda lori kama utingo, safari ya Tunduma. Lori lilirudi, Deo hakurudi. Dereva akasema Deo alishuka njiani kutafuta maji, asimwone tena. Tukatafuta mpaka miguu ikachoka. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Tulipomwambia Vero tumsomee misa ya marehemu, alitufukuza.

"Misa ya marehemu kasomeni kwa marehemu. Mwanangu yuko hai."

Akanunua simu ya kupangusa, akaanza kumtafuta mtandaoni. Mchana chai, jioni simu. Kila ukurasa unaodai kutafuta waliopotea aliufungua, akaandika humo jina la mtoto, kovu lake la kwenye nyusi, shati alilovaa, chakula alichopenda, mpaka ugomvi wao wa mwisho. Na kurasa hizo zina tabia ya kuuliza. Turuhusu kujua ulipo? Turuhusu kamera? Maikrofoni? Tukuletee arifa? Vero kila akiulizwa anabonyeza Ruhusu. Nilimgombeza.

"Dada, mtu kabisha hodi, namwachaje mlangoni? Mama alitulea hivyo?"

Kweli, mama alitulea kule Vidunda mlimani, na kule mgeni alipewa kigoda kabla hajaulizwa jina. Lakini mgeni wa mlimani unamwona miguu. Huyu wa kwenye simu, umeiona miguu yake?

Siku moja jirani yake, mama lishe wa pale pale, akanipigia. "Mama, njoo umchukue mdogo wako. Kila jioni anataka kuvuka barabara, anasema Deo yuko ng'ambo. Kuna siku malori yatamsaga." Nikafunga mlango wangu Magomeni ya hapa Kilosa, nikapanda gari la Mikumi.

Jioni ile tulikuwa tumekaa kibandani, Vero anapangusa meza. Simu ikalia kidogo, kama kijiko kimegonga kikombe. Akaitazama, akakausha mikono kwenye kitenge.

"Kaja," akasema.

Nikatazama ng'ambo. Niaminini, wanangu, Deo alikuwa amesimama kando ya lori bovu. Shati lile, kovu lile, bega moja limelala kama kawaida yake. Hata mimi nilitaka kukimbia nimkumbatie. Mtoto nilimbeba mgongoni yule. Lakini malori yalikuwa yanapita kwa kasi, nikamshika Vero kitenge.

Ndipo akanisalimu. Barabara ni pana na injini zinanguruma, lakini sauti niliisikia kama mtu aliyenikaribia sikioni.

"Shikamoo, dada wa Kilosa."

Mimi ni mama yake mkubwa. Tangu ajue kusema hajawahi kuniita vingine. Nani ananiita dada wa Kilosa? Ni simu ya Vero. Ndivyo alivyoniandika humo.

Marahaba yangu sikuitoa. Nikamsemesha Kividunda. Deo alilelewa na mama yetu kule mlimani, Kividunda alikijua kabla ya Kiswahili. Nikamuuliza bibi yake alikuwa akimwitaje. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

"Mama, vuka," akasema. "Nina njaa."

Vero akanivuta kama ndama anayevuta kamba.

"Vero, huyo anajua ulichoiambia simu tu. Kingine hajui."

"Hata kama, dada," akasema. "Hata kama."

Nikamnyang'anya simu. Mjukuu wangu Rehema, mwenye duka la kutoa kopi Magomeni, alishanifundisha mambo haya baada ya simu yangu kujaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, mimi mjane. Maandishi ya simu ya Vero yalikuwa madogo kama sisimizi, ikabidi niyakuze kwanza. Mkono mmoja nimekamata kitenge, mwingine natafuta mipangilio ya kivinjari. Nikafika penye ruhusa za tovuti. Maikrofoni, nikazuia. Sauti ikakatika, midomo inaenda tu. Mahali, nikazuia. Akaanza kugeuka huku na huku, kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Kamera, arifa, zote nikazuia. Uso ukafifia kama picha iliyoachwa juani. Lakini bado alikuwa amemnyooshea mama yake mkono, na mguu mmoja ameuweka kwenye lami.

Kukabaki kufuta historia na data. Vero akaona kidole changu kilipo.

"Hiyo niachie, dada. Humo ndimo alimobaki."

Akachomoka. Nikabaki na kitenge mkononi, yeye ameshafika ukingoni mwa barabara. Nikabonyeza Futa.

Yule mtu akamtazama Vero. Ningekuwa na uwezo wa kusahau kitu kimoja maishani, ningesahau macho yale. Alimtazama kama abiria anavyomtazama muuza chapati wakati basi limeshaanza kuondoka. Akashusha mkono, akageuka. Lori refu likapita kati yetu, na lilipokwisha kupita, hakuna mtu.

Vero alisimama pale pale, hakuvuka. Hakulia pia. Niliponyoosha kitenge nimfunike, akasema, "Barabara ilinipotezea mwanangu mara ya kwanza. Mara ya pili ni wewe."

Nilimleta Kilosa, niko naye mpaka leo. Anapika, anafagia, anakwenda kanisani. Jina langu halitaji. Misa ya Deo tuliisoma, hakuja. Mnasema nilimwokoa? Mimi najua nilimshika asife. Zaidi ya hapo sijui.

Kwa hiyo vijana, msingoje yawafike. Fungueni mipangilio yenu leo, mchana kweupe, mtazame nani mmempa ruhusa ya kujua mlipo, ya kusikia, ya kuona. Msiyemjua mzuieni, bila aibu. Na uchungu wako usiupeleke kwenye ukurasa wa mtu usiyemjua, maana utakurudia umevaa sura ya umpendaye, na mkono wa kuufukuza utakuwa wa ndugu yako.

Jioni, Vero akishabandika chungu, anakaa kando ya jiko na kuzungumza na mwanawe kwa Kividunda. Anamweleza habari za siku, mvua, bei ya mchele, nani kaoa. Hakuna anayemjibu, naye haonekani kungoja jibu. Nimewaagiza wote humu ndani: Vero akianza, simu zote zitoke jikoni, na asije mtu akamkatiza.