Salamu ya Lugha ya Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini katika hoteli moja ya Doha, Qatar, nilikabidhiwa glavu nyeupe, kofia iliyonipwaya na amri moja. Mkuu wa Mabawabu, Mganda mwenye sauti ya kwaya, aliniambia, "Wafula, mlango unafunguliwa kwa mkono, lakini mgeni anaingia kwa salamu. Jifunze lugha yake." Nikanunua daftari la mfukoni.

Ninyi mnaoingia hotelini leo mnakuta milango inayojifungua yenyewe, kwa hiyo acheni niwaeleze. Bawabu alisimama posti, yaani hatua tatu kutoka mlangoni, mgongo wima, hata joto la Julai likiyeyusha gundi ya viatu. Alisoma kibandiko cha sanduku kabla ya kumtazama mwenye sanduku, akajua ametoka wapi, akamsalimia kwa lugha ya kwao. Baada ya miaka minane daftari langu lilikuwa na lugha kumi na nane, na Meneja wa Ukumbi akanifanya mwalimu wa mabawabu wapya. Nilijivuna, sifichi. Mke wangu akinipigia simu alikuwa akiniita Balozi.

Lugha ya kumi na tisa nilifundishwa na mgeni mmoja mrefu, mpole, aliyekuja kila majira ya baridi kutoka Ulaya. Alisema ni salamu ya heshima kijijini kwao. Niliwafundisha mabawabu watatu, nasi sote wanne tukaitamka mbele ya simu yake akiturekodi, mikono kifuani, tukitabasamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa.

Aliyenifumbua macho ni Achieng', binti wa kwetu Kenya anayelinda kompyuta za ofisi moja dhidi ya wadukuzi, tuliyekuwa tukisali naye kanisani kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko. Baada ya ibada alinivuta pembeni na simu yake.

"Mzee, huyu si wewe? Nimeitafsiri kwa kompyuta. Unajua mnasema nini hapa? 'Sisi ni nyani, tunakuja kuchukua nchi yenu.'"

Niliichukua simu, nikaitazama video tena.

"Na si mchezo wa mtu mmoja, Mzee. Hawa ni wale wanaamini mzungu ndiye mwenye dunia. Hawana ofisi, hawana kadi ya chama. Wanaanza na video ya kuchekesha kama hii, kwa magrupu ya vijana wanaocheza gemu. Anayecheka sana anavutwa kwa grupu ndogo ya siri. Huko sasa ndio anaambiwa, 'Umeona? Wamekubali wenyewe.' Grupu moja ikifungwa, wanafungua tatu."

Nilikasirika, na bado nakasirika ninapoandika haya. Adabu niliyofunzwa na mama yangu, mtu yule aliifanya chambo.

Nilikwenda kwa Meneja wa Ukumbi nikitaka asipokelewe tena. Meneja hakuinua macho. "Wafula, ule ni utani. Yule ni mgeni wetu wa kila mwaka. Usikuze mambo." Utani! Kwetu utani una watani; mtu hutaniwa, naye akajibu. Mimi niliyetiwa mdomoni maneno nisiyoyaelewa ningejibu nini?

Nikamwomba Achieng' anitafutie sentensi moja zaidi ya lugha ile. Niliifanyia mazoezi kwenye basi la kampuni mpaka wenzangu wakadhani nasali. Msimu uliofuata mgeni akarudi, safari hii na vijana wawili wa kwao, simu iko juu tayari.

"Rafiki, wasalimie!"

Nilisimama posti, mkono kifuani, tabasamu lilelile, nikamwambia kwa lugha yake, "Najua maana yake, na najua mnaipeleka wapi." Wale wawili wakatazama viatu vyao. Yeye akashusha simu.

Juma hilohilo nilihamishiwa Al Wakrah, mji ulio kusini mwa Doha, kwenye hoteli ndogo ya kampuni ileile, mlango wa nyuma wa kupokelea mboga na shuka. Huko hakukuwa na wa kusalimiwa. Nilimalizia hapo miaka yangu ya mwisho, nikarudi Bungoma na daftari langu.

Basi mkifundishwa salamu mpya, ulizeni kwanza maana yake kwa mtu mwingine. Video ya pili yule mgeni hakuituma popote, Achieng' ametafuta. Ya kwanza bado inazunguka. Mimi nipo mbele, na nyuma yangu wapo mabawabu watatu niliowafundisha mwenyewe, wakiitamka vizuri kunishinda.