Msomaji wa Majina

Jenerali wetu mstaafu ana nyota tano na mikono laini kuliko ya kasisi. Mimi niliyewapikia wanajeshi miaka kumi na tisa, nikasifiwa hata na wagonjwa, simwamini askari asiye na kovu. Akisimulia vita vyake vya Chadi au Lebanoni, huanzia siku ya pili yake, risasi zimeshanyamaza. Ukimuuliza, "Mkuu, na siku yenyewe je?" huagiza kahawa nyingine.

Kila Novemba kumi na moja yeye ndiye husoma majina kwenye mnara wa mashujaa, nasi huitikia, "Alikufa kwa ajili ya Ufaransa." Mwaka huu liliongezwa la Ludovic Kerbrat, aliyeuawa Afghanistan chini ya amri yake. Nilisimama kando yake na bendera, nikaona kidole gumba chake kikilifunika jina hilo kwenye karatasi, naye akasoma la chini yake.

"Jenerali, umemruka mwanangu," akasema mama yake Ludovic.

"Macho, mama. Uzee huu."

"Mimi nimekuzidi miaka sita, na naona."

Mama akamkaribia, akakisogeza kile kidole, taratibu, akalisoma jina mwenyewe. Tuliitikia sote. Mdomo wa Jenerali niliutazama vizuri: haukufunguka.